UZI: Namna ya kuchambua mbio za farasi na kupanga dau la siku nzima (Keeneland na Churchill Downs)

#1 Mtu wa Lexington

Wakuu, habari zenu.

Naishi Lexington, Kentucky. Ni mji uliozungukwa na mashamba ya farasi kila upande, na Kiswahili unakisikia madukani na makanisani kwa sababu ndugu zetu Wakongo ni wengi hapa. Uwanja wa Keeneland, uliofunguliwa 1936, uko hapa hapa, na mbio zake ni za Aprili na Oktoba tu. Kila msimu ukikaribia naletewa PM: "mkuu, nipe farasi wa leo." Sitoi farasi. Naweka hapa namna ninavyochambua, kila mtu ajichagulie wake.

Kitu cha kwanza kukishika: hapa hushindani na kampuni ya kubeti. Pesa zote za tiketi ya mshindi kwenye mbio moja zinaingia kapu moja, uwanja unakata chake, kinachobaki wanagawana walioshika farasi aliyeshinda. Mfumo huu aliubuni Joseph Oller kule Paris miaka ya 1860, na ndio unaotumika mpaka leo Marekani, Hong Kong na Japani.

Chukulia kapu lina dola 100,000. Churchill Downs, uwanja wa Louisville hapa Kentucky, wanakata asilimia 17.5 kwenye tiketi ya mshindi, zinabaki 82,500. Kama kwa farasi namba 5 watu wameweka 20,000, akishinda kila dola moja inarudi na dola 4.12 na ushee. Tiketi ya dola 2 italipa 8.25. Hakuna mtu aliyekaa ofisini kuipanga bei hiyo. Wameipanga watu wenyewe kwa pesa zao, na inabadilika mpaka dakika ya mwisho.

Kwa hiyo unaoshindana nao ni wabetiji wenzako, tena kila mmoja keshakatwa asilimia 17.5 kabla farasi hawajatoka getini. Kumtaja mshindi hakutoshi. Unamtafuta farasi ambaye watu wamemdharau kuliko anavyostahili. Yule anayependwa na wengi hushinda karibu mbio moja kati ya tatu. Ukimfuata yeye kila mbio utashangilia mara nyingi, na mwisho wa mwaka utakuwa na hasara, kwa sababu bei yake ni ndogo na makato yameshaila.

Farasi maarufu Secretariat mwenyewe ni ushahidi. Juni 1973 alishinda Belmont Stakes kwa urefu wa farasi 31, dakika 2 na sekunde 24, rekodi ambayo haijavunjwa hadi leo. Tiketi ya dola 2 ililipa dola 2.20. Tiketi 5,617 za mshindi hazikupelekwa dirishani kabisa, watu walizitunza kama kumbukumbu, maana senti 20 za faida hazikuwa na maana kwa mtu. Farasi bora na beti bora ni vitu viwili tofauti.

Sasa uchambuzi wenyewe.

Naanza na daraja la mbio. Kuna mbio za farasi ambao hawajawahi kushinda. Kuna mbio za kuuzwa, ambapo kila farasi ana bei yake na mwenye leseni anaweza kumnunua kwa bei hiyo kabla mbio hazijaanza. Juu yake kuna mbio za masharti (hakuna anayeuzwa, ila anaingia anayetimiza sharti, kama idadi ya mbio alizoshinda), halafu mbio kubwa zenye majina. Farasi anayeshuka daraja ni wa kumwangalia mara mbili. Huenda anapelekwa mahali anapoweza kushinda, au huenda mwenyewe ameona tatizo na anataka mtu mwingine aondoke nalo. Farasi aliyekuwa akishindana na wasioshinda wa daraja la juu, akashushwa kwa mara ya kwanza kwenye mbio za kuuzwa za wasioshinda, huyo namheshimu. Aliyeshinda juzi kwa tofauti kubwa halafu leo anauzwa nusu ya bei ya juzi, huyo namkimbia.

Halafu uso wa uwanja. Udongo ni kitu kimoja, majani ni kingine, na uso wa kutengenezwa kama Tapeta wa Turfway Park, uwanja mwingine wa hapa Kentucky, ni kingine tena. Mwendo wa farasi kwenye uso mmoja usiubebe mzima mzima kuupeleka kwenye mwingine. Hapa ndipo watu wengi wanapomdharau farasi mzuri: wanaona namba mbovu tatu mfululizo bila kuangalia zilipatikana kwenye uso gani.

Ninapokaa muda mrefu kuliko pote ni kwenye kasi ya mwanzo. Rekodi ya kila farasi inaonyesha alikuwa wa ngapi kwenye robo maili, nusu maili, mwanzo wa mnyoosho wa mwisho na kwenye mstari. Achana kwanza na nafasi ya mwisho. Jiulize: ni nani anayependa kukaa mbele? Ukimkuta mmoja tu, ataachiwa apumue, ataenda robo ya kwanza kwa sekunde 23 na nusu badala ya 22, na wakija kumfuata mwishoni bado ana akiba. Farasi wa namna hiyo anaweza kuwashinda waliomzidi uwezo. Ukikuta wanne wote wanataka mbele, watakimbizana mpaka wamalizane, na yule aliyekaa nyuma akitazama atawapita wamesimama. Karatasi ileile, farasi walewale, ila ukibadilisha mmoja tu anayetangulia, mbio nzima inageuka. Ndiyo maana farasi wa mbele akiondolewa asubuhi ya mbio, mimi naanza uchambuzi upya.

Namba za kasi zipo pia, yaani namba moja inayopima farasi alikimbia kwa kasi gani kwenye kila mbio. Zile za mwandishi wa mbio Andrew Beyer ziko kwenye gazeti la Daily Racing Form tangu 1992, na zinazingatia kama uwanja siku hiyo ulikuwa mwepesi au mzito. Nazitumia, lakini kila mtu anaziona, kwa hiyo tayari zimo ndani ya bei. Farasi mwenye namba kubwa kuliko wenzake hatakuja kwako kwa bei nzuri. Sababu ya namba kuwa kubwa au ndogo ndiyo inayolipa, na hiyo haijaandikwa.

Nikimaliza, kila farasi nampa asilimia yake, jumla iwe 100. Tuseme mbio ina farasi nane. Namba 5 nimempa 30, namba 2 nimempa 20, waliobaki wanagawana 50. Kabla ya mbio bodi ya bei inaonyesha namba 5 yuko 8-5 (weka dola 5 upate faida ya 8), ambayo kwenye mikeka yenu ni odi 2.60. Mara 0.30 ni 0.78. Kila dola ninayoweka natarajia senti 78, simgusi hata kama ndiye ninayeona atashinda. Namba 2 yuko 6-1, yaani 7.00. Mara 0.20 ni 1.40. Huyo ndiye beti yangu, na ninajua kabisa kwamba mara nne kati ya tano atashindwa.

Siku ya mbio tisa, mbio za kubeti hupatikana tatu, nne zikizidi. Nyingine naangalia tu. Dau la siku nalitenga tangu nyumbani, na beti moja haizidi sehemu ndogo ya hilo dau. Baada ya kushindwa siongezi.

Karibuni kwa maswali.

#2 Kijana wa Mbagala

Mkuu, somo zito. Ila mimi nimezoea mkeka. Naweka timu kumi, nikitiki napata hela ya maana. Hii ya kubeti farasi mmoja mmoja utapata lini hela? Huko hakuna mkeka wa farasi?

#3 Mtu wa Lexington

@Kijana wa Mbagala upo, na hapa farasi wana nafuu moja kubwa ambayo mkeka wa mpira hauna.

Kwenye mkeka wa mpira kampuni inajiwekea chake ndani ya odi ya kila timu. Ukiunganisha timu kumi, unakatwa mara kumi. Kama chao ni asilimia 5 tu kwa kila timu, 0.95 zidisha yenyewe mara kumi inakupa 0.60. Shilingi 1,000 yako ina thamani ya 600 kabla refa hajapuliza filimbi.

Hapa kuna tiketi ya kutaja washindi wa mbio tano mfululizo. Keeneland wanaikata asilimia 15, mara moja tu, kwa mbio zote tano. Ungebeti mbio hizohizo tano moja moja, ukishinda unahamishia zote mbio inayofuata, ungekatwa asilimia 17.5 mara tano. 0.825 zidisha yenyewe mara tano ni 0.38. Senti 38 dhidi ya senti 85 za dola ileile. Tofauti ni kubwa mno.

Na huhitaji kutaja farasi mmoja kila mbio. Mbio ya kwanza unaweka wawili, ya pili mmoja unayemwamini, ya tatu watatu, ya nne wawili, ya tano watatu. Mbili mara moja mara tatu mara mbili mara tatu ni 36. Kwa senti 50 kila mchanganyiko unalipa dola 18. Kosa la wengi ni kujaza farasi wanne wanne kila mbio, na wote wakiwa wanaopendwa. Tiketi inakuwa ya dola mia kadhaa, na ikitiki inalipa pungufu ya hapo, kwa sababu kila mtu anayo hiyohiyo. Anzia kwenye mbio ambayo unatofautiana na watu, huyo weka peke yake. Kwenye mbio usiyoielewa, tawanya.

#4 Mkaazi wa Ngong Road

Niaje wadau. Mimi niko Nairobi, na nataka watu wajue hii kitu iko kwetu pia, si lazima mtu aende Marekani. Ngong Racecourse iko pale Ngong Road tangu 1954, kabla ya hapo mbio zilikuwa Kariokor. Jumapili ya mbio unapata familia zimejaa, na dirisha la kubeti liko wazi. Beryl Markham, yule mama aliyevuka Atlantiki kwa ndege 1936 peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi, kwetu alikuwa mkufunzi wa farasi kwanza, na ameshinda Kenya Derby mara kadhaa.

Kitu moja sijaona umegusa ni uzito. Ngong mbio nyingi ni za mizani: farasi bora anabebeshwa kilo nyingi ili wote walingane. Mimi hapo ndio naanza. Farasi ameshinda, wamemuongeza kilo, je, hiyo kilo ni nyingi kuliko vile alizidi wenzake? Akiwa alishinda akivutwa hatamu, joki hajamgusa na kiboko, hiyo nyongeza haimfiki. Akiwa alishinda kwa pua na alipigwa mpaka mwisho, amemalizwa hapo.

Pia farasi wetu ni wachache na wanakutana wao kwa wao mara kwa mara. Ukihudhuria kila mara unawajua kama majirani. Kapu letu ni dogo pia, mtu mmoja akiweka pesa nzuri dakika ya mwisho bei inaanguka papo hapo.

#5 Mtu wa Lexington

@Mkaazi wa Ngong Road umeongeza jambo la msingi. Kentucky mbio za mizani ni chache na tofauti za uzito ni ndogo, ndiyo maana sikuligusa. Kwa mtu wa Ngong, ulivyosema ndiyo njia: uliza alishinda *vipi*. Nafasi ya kwanza kwenye karatasi haisemi kama bado alikuwa na pumzi.

Na hilo la kuwajua farasi kama majirani lisidharauliwe. Mimi nafuata Keeneland na Churchill Downs tu. Viwanja vya New York na California sivigusi, hata vikiwa na mbio nzuri kiasi gani, kwa sababu siwajui wakufunzi wake wanapofanya jambo wanamaanisha nini.

#6 Saisi wa Uvira

Bandugu, jambo. Miye natokea Uvira, niko saisi mu stebo moja huku Lexington. Sitasema habari za farasi ya boss wangu, hiyo ni kazi na ni siri. Lakini naweza kusema kitu batu banaweza kuona na macho yao benyewe, maana wengi banaangalia bodi tu na hawafike padoki, pale farasi wanatembezwa mbele ya mbio.

Fika mapema, dakika ishirini mbele ya mbio. Angalia farasi anavyotembea. Mwenye kuwa tayari anatembea na hatua ndefu, mguu ya nyuma inapita alama ya mguu ya mbele, kichwa kiko chini kidogo, masikio yanasikiliza, saisi wake hana kazi ya kumvuta. Ngozi inang'aa sawa imepakwa mafuta. Mwenye kushtuka, kurukaruka, kutupatupa mkia, huyo anamaliza nguvu mbele ya mbio.

Jasho: shingo kidogo si kitu, na siku ya joto wote wanatoka jasho. Lakini ukiona povu nyeupe katikati ya mapaja ya nyuma siku ya baridi, njo alama mbaya. Lakini tena kuna farasi wanafanya ivo kila siku na wanashinda. Njo maana unapashwa kumjua yeye mwenyewe, ukumbuke mara ingine alikuwa namna gani. Miye asubuhi kitu ya kwanza nagusa miguu yake. Mguu ikiwa baridi na kavu, tunaendelea. Ikiwa na joto, mimi na trena tunasimama hapo. Wewe mu padoki huwezi kugusa, lakini unaweza kuona bandeji. Kama farasi hakukuwaga na bandeji miguu ya mbele mbio zote, na leo amefungwa, jiulize.

#7 Bint Amu

Umenikumbusha kwetu Lamu, mashindano ya punda wakati wa Maulidi pale ufukweni. Hakuna dau pale, ni heshima tu, lakini wazee hutazama hayo hayo ya @Saisi: punda anavyosimama, masikio, na kijana aliyempanda. Swali langu kwa @Mtu wa Lexington: joki ana uzito gani kwenye uchambuzi wako?

#8 Mtu wa Lexington

@Saisi ahsante sana ndugu yangu. Hilo la kumlinganisha farasi na yeye mwenyewe ndilo kubwa kuliko yote. Mimi pembeni ya jina la kila farasi ninayemwona padoki naandika neno moja au mawili, na naitunza hiyo karatasi. Baada ya msimu mmoja tu inakuwa na thamani.

@Bint Amu joki mzuri ana maana, ila jina kubwa lina gharama, kwa sababu watu wanambeti yeye na bei inashuka. Ninachoangalia ni mabadiliko. Joki aliyekuwa na nafasi ya kuwapanda farasi wawili kwenye mbio hiyo akamchagua mmoja, hapo amesema kitu. Joki mgeni kwenye farasi mgumu wa kushikilia, napunguza asilimia. Zaidi ya hapo simpi joki uzito mkubwa, mkufunzi ananiambia zaidi.

#9 Hesabu Kwanza

Uzi mzuri, lakini naomba nipinge kidogo. Kentucky Derby ya 2022, mbio maarufu kuliko zote Marekani, pale Churchill Downs. Rich Strike alishinda akiwa 80-1. Alinunuliwa dola 30,000 kwenye mbio za kuuzwa. Alikuwa na ushindi mmoja kwenye mbio saba. Hata kwenye orodha ya farasi 20 hakuwemo, aliingia kwa sababu Ethereal Road aliondolewa siku moja kabla. Joki wake Sonny Leon hakuwahi kupanda Derby. Uchambuzi gani duniani ungekupa farasi huyo? Mimi naona hapo ndipo elimu yote hii inakufa. Ni bahati.

#10 Mtu wa Lexington

@Hesabu Kwanza swali zuri kuliko yote, nalijibu kwa kirefu.

Kwanza tuangalie kilichokuwa kwenye karatasi, siyo tulichokijua baadaye. Mbio zake tatu za mwisho zote zilikuwa Turfway, kwenye Tapeta, na hakushinda hata moja, lakini ile ya mwisho alikuwa wa tatu. Huo ushindi wake mmoja ulikuwa wapi? Churchill Downs, uwanja uleule wa Derby, kwenye udongo, Septemba 2021, na alishinda kwa urefu wa farasi 17 na robo. Ilikuwa mbio ya daraja la chini, sawa. Ila mtu aliyeangalia uso wa uwanja aliona kwamba zile mbio za Turfway hazikutosha kumhukumu.

Pili, kasi ya mwanzo. Summer Is Tomorrow na Crown Pride walitoka Dubai, walikuwa wa pili na wa kwanza kwenye UAE Derby pale Meydan mwezi Machi, na wote wanapenda mbele. Siku ya Derby robo maili ya kwanza ilikwenda kwa sekunde 21.78, nusu maili 45.36. Kwa mbio ya maili moja na robo huko ni kujimaliza. Summer Is Tomorrow aliyeongoza akaishia mkiani kabisa. Rich Strike alitoka geti la nje kuliko wote, akakaa nyuma ya karibu kila mtu, joki akamwingiza ndani akiokoa umbali, akampita Messier aliyekuwa amechoka, akawakuta Epicenter na Zandon wanapambana wao kwa wao, akawapita kwenye reli ya ndani ya uwanja.

Tatu, na hapa ndipo hesabu zako zinaponisaidia. Tiketi ya dola 2 ililipa dola 163.60, yaani odi 81.80. Gawa 1 kwa 81.8, unapata asilimia 1.2. Hukuhitaji kuamini kwamba atashinda. Ulihitaji tu kuamini kwamba mbio hiyo ikirudiwa mara 60 angeshinda mara moja, na ungekuwa na beti yenye faida. Mtu anayesema "haiwezekani ashinde" na mtu anayesema "mara moja katika 60" wote wanaamini atashindwa, ila mmoja wao ana beti.

#11 Hesabu Kwanza

Nimekuelewa, lakini hiyo inafungua mlango wa hatari. Mtu akisoma hapo atawabeti wa 80-1 wote. Ukweli unaojulikana kwa miaka mingi kwenye takwimu za mbio ni kwamba farasi wa bei kubwa sana wakichukuliwa kwa jumla wanashinda pungufu ya bei yao, na wale wanaopendwa wanashinda zaidi kidogo ya bei yao. Watu wanapenda ndoto. Kwa hiyo farasi wa 80-1 wa kawaida ana nafasi chini ya hiyo asilimia 1.2.

#12 Mtu wa Lexington

Kweli kabisa, na ninasimama na wewe hapo. Farasi wa bei kubwa ni mbaya mpaka uwe na sababu mbili zinazoonekana kwenye karatasi. Kwa Rich Strike zilikuwepo: uso wa uwanja na kasi ya mwanzo. Kwa farasi wengine wa bei kubwa kwenye Derby ileile mimi sikuziona.

Na sababu hizo ni za siku ile, si za maisha. Mwezi uliofuata alikimbia Belmont, maili moja na nusu, farasi wanane tu, hakuna aliyekuwa anajiua mbele. Alimaliza wa sita. Aliyembeti kwa sababu "ni mshindi wa Derby" alinunua habari ya jana.

Kuna jambo jingine la Derby ile ambalo watu hawalisemi. Wa pili alikuwa Epicenter, aliyependwa kuliko wote. Tiketi ya kutaja wa kwanza na wa pili kwa mpangilio ililipa dola 4,101.20 kwa dola 2. Kwa hiyo unaweza kukubaliana na watu kuhusu farasi bora, ukamweka nafasi ya pili, na wa kwanza ukaweka wawili watatu ambao kasi ya mwanzo itawasaidia. Tiketi tatu za dola 2 ni dola 6. Mimi huwa napenda kucheza hivyo mbio ikiwa na anayependwa asiyepingika na kundi la watangulizi wengi.

#13 Abu Salim, Muscat

Assalaam alaykum. Nawasoma kwa utulivu. Huku Ghuba farasi ni jambo kubwa, na Dubai World Cup pale Meydan ni miongoni mwa mbio zenye zawadi kubwa duniani, bila dirisha la kubeti hata moja. Wanaokuja wanachagua washindi kwenye karatasi ya bure na zawadi inatoka kwa waandaaji. Dini imeruhusu zawadi kwenye mashindano ya farasi na ngamia, ila haikuruhusu watazamaji kuwekeana pesa. Nasema hili kwa heshima, kwa vijana wa Kiislamu wanaosoma. Huo uchambuzi wa kasi na uso wa uwanja ni elimu nzuri ya farasi, mtu anaweza kuifurahia bila kuweka shilingi.

#14 Mtu wa Lexington

Wa alaykum salaam @Abu Salim. Nimekupokea, na nakubali kwamba uchambuzi unasimama wenyewe. Anayeanza namwambia achambue msimu mzima kwa kalamu tu, aandike asilimia zake kabla ya mbio, halafu alinganishe. Kama farasi aliowapa asilimia 20 hawashindi karibu mara moja katika tano, bado hajafika pa kuweka pesa.

Na kwa wote: pesa ya kodi, ada na chakula haiingii kwenye kapu hili. Ukijikuta unakopa ili ubeti, au unaficha nyumbani, hilo si suala la kuchagua farasi tena. Tafuta mtu wa kuzungumza naye.

#15 Mkaazi wa Ngong Road

@Mtu wa Lexington swali. Nimekuwa nikiangalia mbio za Marekani kwa simu. Farasi yuko 5-1 wakiingia geti, mbio inaanza, ghafla anakuwa 3-1 wakiwa tayari wanakimbia! Hiyo si wizi?

#16 Mtu wa Lexington

Inaudhi, naelewa, na watu wengi wanadhani kuna anayebeti baada ya geti kufunguka. Beti zinafungwa farasi wanapotoka. Ila kuna vikundi vinavyotumia kompyuta, vinaweka maelfu ya beti sekunde za mwisho kabisa, na mfumo unachukua muda kuzijumlisha kutoka kila mahali. Bodi inakuonyesha habari ya kilichokwisha kutokea.

Aliyefanya njia hiyo ijulikane ni mbetiji Mmarekani Bill Benter, aliyeanza Hong Kong miaka ya 1980 na mwenzake Alan Woods. Programu yake ilianza kufanya kazi vizuri alipoingiza humo bei za watu wenyewe. Yaani hakuidharau bodi, aliichanganya na hesabu yake. Nami nafanya hivyo kwa mkono: nikimpa farasi asilimia 20 na bodi inasema 5, najiuliza watu wameona nini ambacho sijakiona, na mara nyingi naishia kwenye 12 au 13.

Kujikinga: usibeti farasi ambaye faida yake imebaki nyembamba. Kama bei yako ya haki ni 3-1, usimchukue kwa 7-2, subiri 5-1. Akishuka njiani bado uko salama. Kentucky ina nafuu moja kidogo: tangu 2022 malipo yanahesabiwa mpaka senti moja, awali walikuwa wanashusha mpaka kwenye senti 20 ya karibu kwa tiketi ya dola 2 na tofauti wanabaki nayo.

#17 Kijana wa Mbagala

Mkuu, nimeamua nianze na kalamu kama ulivyosema, mbio za Jumamosi. Swali la mwisho. Kwenye ile tiketi ya mbio tano, niliyemweka peke yake akiondolewa asubuhi, tiketi imekufa?

#18 Mtu wa Lexington

Haijafa. Kwa kawaida unahamishiwa kwa yule aliyependwa zaidi kwenye mbio hiyo wakati beti zinafungwa, upende usipende. Ndiyo maana tiketi ya namna hii nainunua dakika chache kabla ya mbio ya kwanza, orodha ya walioondolewa ikiwa imeshatoka na hali ya uwanja imeshatangazwa. Mvua ikinyesha, mbio za majani wanaweza kuzihamishia kwenye udongo na nusu ya farasi wakaondolewa, na uwanja una kanuni zake za namna ya kuihesabu mbio hiyo kwenye tiketi. Zisome kwanza kwenye kitabu cha siku.

Jumamosi weka hapa asilimia zako kabla ya mbio ya kwanza, mbio mbili tu zinatosha. Nitaweka zangu, na @Hesabu Kwanza aweke zake.